Unyoya, Sufi na Ndoana: Mwanagenzi wa Kufunga Nzi wa Kuelea

Maji ya Rufiji yapitayo chini ya Daraja la Mkapa na kwenda zake mashariki, yakagawanyika katika vijito vya delta na kuingia baharini kwa milango ya Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo, hufika huko yakiwa mazito, yamebeba udongo wa mikoa mingi na joto la siku nyingi za jua. Na mtu aliyesimama Salale, akaitazama mikoko iliyokita mizizi yake matopeni, hawezi kudhani kwa urahisi kwamba sehemu ya maji yale ilianza safari yake huko Mufindi na Njombe, penye ukungu na mashamba ya chai, ambako watu huota moto jioni na vijito ni vya baridi na safi hata changarawe za chini huhesabika. Katika baridi hiyo huishi samaki mgeni aitwaye trauti, ambaye asili yake si Afrika, na ambaye kwa ajili yake wavuvi wa Ulaya na Marekani wamebuni ufundi mmoja wa ajabu: kuivika ndoana ndogo uzi na manyoya ya jogoo mpaka ielee juu ya maji, idhaniwe kuwa mdudu aliyetua, na hiyo ndiyo kazi iitwayo kufunga nzi.

Trauti hawezi kuishi Kibiti, huku kwetu kwenye delta. Maji yakidumu juu ya nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, kwa kuwa maji ya moto hayashiki hewa ya kumtosha, nayo maji ya Rufiji ya chini hayajui baridi ya namna hiyo. Walimleta Wazungu waliotamani mchezo wa kwao: huko Kenya ni Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, aliyeagiza trauti wa Loch Leven, Uskochi, na kuwatia katika mto Gura, milima ya Aberdare, mwaka 1905, nasi Tanganyika tukapata wetu baadaye katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu za kusini. Basi msomaji wa Bungu au Nyamisati ana haki ya kuuliza, mambo haya ya baridi yanamhusu nini. Jibu langu ni kwamba ufundi wenyewe haufungamani na trauti peke yake. Kila samaki anayeinuka kuokota kiumbe kilichoanguka juu ya maji hudanganyika kwa njia hiyo hiyo, na baada ya mvua za kwanza, kumbikumbi warukapo kwa maelfu na kuanguka katika mabwawa na maziwa ya bondeni, kama vile Zumbi na Ruwe, samaki wa tabia hiyo hawahitaji kutafutwa. Hata perege, ambaye chakula chake cha kawaida ni majani na ukungu wa majini, haoni haya kuacha desturi yake kwa siku mbili tatu. Fauka ya hayo, vifaa vya kazi hii, ghairi ya ndoana yenyewe, viko uani mwetu na hatuvithamini.

Liko, hata hivyo, jambo moja ambalo mtu wa delta lazima alisahau kabla hajaanza. Uvuvi aliozaliwa nao ni uvuvi wa uzito. Wando hujengwa kwa fito zilizokitwa katika matope ya kijito, zikafungwa imara ili maji yanayopwa yapite na samaki wasalie; mgono husukwa mgumu, ukatiwa ulimi wa kuingilia usiokubali samaki kutoka, kisha ukazamishwa; jarife lina kamba nene na vizito vyake; na mshipi wa hongwe hauendi chini bila chubwi. Katika kazi zote hizo fundi huongeza: fito nyingine, fundo jingine, jiwe jingine, na kwa kuongeza hupata usalama. Mfunga nzi wa kuelea yuko upande wa pili. Adui yake ni uzito, na kila alichokiongeza bila haja, hata mizunguko miwili ya uzi, kimeisogeza ndoana yake karibu na kuzama. Mwanagenzi akilishika hili siku ya kwanza, amepata nusu ya elimu. Asipolishika, ataweza kufunga vitu vizuri vya kutazamwa, vyote vya kwenda chini.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, aliyeishi takriban miaka 1800 iliyopita, ameeleza jinsi watu wa Makedonia, katika mto uitwao Astraeus, walivyowaona samaki wenye madoadoa wakiwaokota nzi juu ya maji, na jinsi walivyoshindwa kuwatumia nzi wale kuwa chambo, kwa kuwa wakiguswa na mkono huharibika rangi na mabawa. Ndipo wakazungushia ndoana sufu nyekundu, na juu yake wakafunga manyoya mawili yaotayo chini ya undu wa jogoo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba jogoo hajaondoka katika kazi hii tangu siku hizo. Lakini kwa karne nyingi wavuvi hawakujali kama nzi wao anaelea au amezama, mpaka wakatokea Waingereza wa kusini, katika mito ya maji maangavu kama ule wa Test, walioshikilia kwamba nzi lazima akae juu, mkavu, mbele ya samaki aliyeonekana kwa macho. Na mmoja wao, Frederic Halford, akatoa mwaka 1886 kitabu kizima juu ya nzi wa kuelea na namna ya kuwavika. Halford alikuwa mtu mkali wa madhehebu. Yeye na wafuasi wake waliifanya kanuni hiyo nusu dini, na kama madhehebu nyingi, ilizaa magomvi ambayo kwetu hayana faida.

Ama sisi wa Afrika Mashariki tumeingia katika ufundi huu kwa mlango wa kazi kuliko kwa mlango wa mchezo. Kwa miaka mingi sasa Kenya imekuwa miongoni mwa nchi mashuhuri duniani kwa kufunga nzi wa kuvulia, na wanaume kwa wanawake hukaa mbele ya meza zao, wakafunga nzi wa aina moja kwa kundi, nzi ambao baadaye huuzwa katika maduka ya Uingereza, Marekani na kwingineko. Kampuni ya Kiingereza ya Fulling Mill, kwa mfano, hufungisha nzi wake huko. Wengi wa mafundi hao hawajapata kuvua trauti hata mmoja, na bado mikono yao ni sahihi kuliko ya mabwana wanaonunua kazi yao. Hapana ajabu katika hilo: anayefunga kwa ajili ya riziki hurudia umbo lile lile mpaka vidole vyake visihitaji kuulizwa, ilhali anayefunga kwa starehe hubadili aina kila jioni na hubaki mwanagenzi mzee.

Tumtazame sasa yule mdudu anayeigizwa, maana bila kumjua, kazi yote ni kubahatisha. Wapo wadudu wa mtoni ambao utoto wao hupita chini ya maji, miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, wakitambaa katika mawe. Kisha siku moja hupanda juu, ngozi ikapasuka, akatoka kiumbe mwenye mabawa yaliyosimama wima mgongoni kama tanga la mashua, akachukuliwa na mkondo huku akingoja mabawa yapate nguvu. Muda huo mfupi ndio wa hatari yake na wa karamu ya trauti. Akiokoka, huruka hadi majanini, na huko hufanya jambo ambalo hakuna mdudu mwingine mwenye mabawa anayelifanya: hujivua ngozi mara ya pili, akatoka mwangavu zaidi. Hana kinywa cha kulia. Maisha yake ya juu ni ya saa chache, au siku moja au mbili, na shughuli yake ni kuzaa tu.

Samaki humwonaje? Aliye ndani ya maji haoni nje kila upande. Nuru ya mbinguni humfikia kwa kupinda, na huona dunia ya juu katika duara moja tu lililo juu ya kichwa chake, katika pembe ya takriban nyuzi 97, na nje ya duara hilo uso wa maji kwake ni kioo kinachoakisi matope na mawe ya chini. Mdudu anayekuja na mkondo akiwa bado nje ya duara haonekani mwili wake. Zinazoonekana ni nyayo zake tu, pale zinapobonyeza ngozi ya maji na kutoa vimeto vidogo vya nuru katika kile kioo. Ndipo mabawa hutokeza ukingoni mwa duara, na mwisho mwili mzima. Basi samaki aghalabu ameshaanza kuinuka kwa sababu ya nyayo, kabla ya kuona rangi yoyote. Hii ndiyo hekima ya unyoya wa jogoo: ukizungushwa kuizunguka ndoana, kila kijinyoya husimama peke yake, na ncha zake ngumu hukaa juu ya maji bila kuyatoboa, zikatoa vimeto vile vile ambavyo miguu ya mdudu hutoa, na papo hapo zikaibeba ndoana isizame. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili.

Mzee mvuvi wa hongwe akielezwa haya atauliza, na ni swali la haki, «Sasa mwanangu, chambo kisicho na harufu ni chambo gani?» Kwa hongwe ni kweli, si chambo, yeye hutafuta chakula katika maji machafu kwa kunusa na kugusa, na nzi wa manyoya atamaliza mwaka bila kuangaliwa. Samaki wa kuinuka anaamua kwa jicho, na kwa haraka, kwa sababu mkondo haumngoji. Ila ubaya wake ni huo huo: akikitia kinywani na kukiona hakina ladha, hukitema upesi vile vile, na mvuvi asiyevuta kwa wakati hubaki na hadithi.

Vifaa sasa. Ndoana za dukani Nyamisati ni za bahari, nene na nzito, na hizo hazifai hata zikiwa ndogo. Zinazohitajika ni za waya mwembamba, namba 12 au 14, na mwanagenzi akumbuke kwamba katika hesabu hii namba ikikua, ndoana hupungua. Jiliwa dogo la kushikia ndoana laweza kutengenezwa na fundi yeyote wa vyuma. Uzi uwe mwembamba kuliko wa cherehani ya kawaida, kwa kuwa uzi mnene hujaza nafasi na kunywa maji. Nta ya nyuki hupakwa uzini ili ushike. Mkasi uwe mdogo na mkali, na pawe na koleo ndogo ya kushika ncha ya unyoya, ambayo vidole haviwezi kuishika mpaka mwisho bila kuikata.

Unyoya unataka maneno zaidi. Si kila unyoya wa kuku unafaa. Wa tetea ni laini, una laika nyingi, na laika hufyonza maji, hivyo hutumiwa kwa nzi wa kuzama. Unaotakiwa ni wa shingo ya jogoo aliyekomaa, na kadiri alivyo mzee ndivyo ulivyo bora, kwa kuwa vijinyoya vyake huwa vikavu, vyenye kung'aa, na huchoma kidogo ukivigusisha mdomoni. Hicho ndicho kipimo cha mafundi wa zamani na mimi sijaona kilicho bora. Huko Marekani wapo wafugaji ambao kwa vizazi vingi vya kuku wamewachagua majogoo kwa manyoya badala ya nyama, mpaka wakapata unyoya mrefu, mwembamba, usio na laika karibu urefu wake wote, na ngozi moja ya shingo ya jogoo wa namna hiyo huuzwa kwa bei ambayo kwetu ingenunua majogoo hai kadhaa. Jogoo wa kienyeji wa Kibiti hawezi kushindana naye, lakini karibu na kichwa chake yapo manyoya madogo ya kutosha, na kila harusi na kila Idi hutupwa jalalani mali ya kumtosha mwanagenzi. Yaoshwe kwa sabuni, yakaushwe kivulini, yahifadhiwe pamoja na karafuu chache ili wadudu wasiyale.

Na sufi je? Wazungu hufanya kiwiliwili cha nzi kwa manyoya ya wanyama wa majini au kwa nyuzi za viwandani, na vitu hivyo huagizwa kwa posta. Lakini pwani yetu ina misufi, na sufi tunayoijazia mito ya kulalia ni miongoni mwa vitu vielevyo vizuri kuliko vyote: kila uzi wake ni bomba tupu lenye hewa ndani, na nje umepakwa nta ya asili inayokataa maji, na kwa sababu hiyo sufi ilijazwa katika makoti ya kuokolea mabaharia kabla plastiki haijaja. Sifa zake mbili hizo ndizo hasa anazozitafuta mfunga nzi. Kasoro yake ni utelezi. Haikubali kusokotwa peke yake, na lazima ishikwe na nta, au ichanganywe na manyoya kidogo ya sungura.

Kazi inakwenda hivi. Ndoana hushikwa na jiliwa kwa pindo lake, mti wake ukilala sawa na ardhi na jicho likielekea mkono wa kuume. Uzi huanza nyuma kidogo ya jicho, ukajizungushia wenyewe ili usifumuke, kisha ukarudi kwa mizunguko iliyokaribiana mpaka mwanzo wa pindo. Hapo hufungwa mkia, vijinyoya vigumu sita au saba vya jogoo, urefu wao sawa na mti wa ndoana. Mkia huo si pambo, ndio unaoshikilia pindo, sehemu nzito kuliko zote, lisizame. Kisha sufi hupakatwa juu ya uzi uliotiwa nta, kwa uchache ambao mwanagenzi ataona ni upumbavu, maana inapasa kubaki kivuli tu cha sufi kuuzunguka uzi. Huzungushwa kuelekea mbele, ikinenepa taratibu, na kuachwa inapofika kama theluthi mbili ya njia.

Ndipo unyoya. Huchaguliwa ule ambao vijinyoya vyake, ukiukunja, vinazidi kidogo upana wa mdomo wa ndoana, mara moja na nusu ya upana huo. Vikiwa virefu zaidi, nzi hupinduka. Vikiwa vifupi, ndoana hugusa maji na kuzama. Laika zote za shinani hung'olewa, uti ukafungwa mbele ya sufi, koleo ikashika ncha, na unyoya ukazungushwa mara tano au sita, kila mzunguko mbele ya mwenziwe na pasipo kupandana. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na kosa lao ni moja duniani kote: wamekwisha kuijaza nafasi yote hadi jichoni, na unyoya ukimalizika hapana mahali pa kufungia fundo, basi huufunga juu ya jicho lenyewe, na siku ya kuvua mshipi haupiti tunduni. Dawa yake ni kuacha nyuma ya jicho upenyo mtupu tangu mwanzo, na kuulinda. Fundo la mwisho ni uzi kuzungushwa juu ya ncha yake mwenyewe mara nne au tano kisha kuvutwa ujizike chini, na kila baharia wa mashua aliyewahi kuifunga ncha ya kamba isifumuke analijua tayari, isipokuwa hajalifunga kwa udogo huo. Tone moja la rangi ya kucha isiyo na rangi hulikamilisha.

Mafundi wengi hufunga na mabawa pia. Namshauri mwanagenzi ayaache. Samaki humsamehe nzi asiye na mabawa kuliko mwanagenzi anavyojisamehe, na mabawa mabaya humfanya nzi azunguke hewani na kuupotoa mshipi. Rangi nayo ije mwisho, baada ya ukubwa na umbo. Nzi mashuhuri aitwaye Adams, aliyefungwa kwanza na Leonard Halladay katika jimbo la Michigan mwaka 1922, ana manyoya ya kijivu yenye mistari yaliyochanganywa na ya kahawia, haigizi mdudu yeyote hasa, na bado amevua katika mito ya mabara mengi.

Kipimo cha kazi ni bakuli la maji. Nzi aangushwe kutoka kimo cha dhiraa moja. Akitua kwa miguu yake, mkia na vijinyoya vikabeba na pindo likaning'inia wazi, amefaulu. Akilala ubavu, unyoya haukuwa sawa. Akizama, kuna kilichozidi, na mara nyingi ni uzi. Kwa kumbikumbi kiwiliwili kiwe kinene zaidi, cha rangi ya kahawia, na manyoya mawili yalazwe mgongoni badala ya kusimama, kwa kuwa kumbikumbi aliyeanguka majini hulala, mabawa yake yakitandazika.

Atakayetaka makubwa zaidi atapanda mto mpaka Kilombero na matawi yake, Mnyera na Ruhudji, ambako wageni huja kwa gharama kubwa kumvua kwa nzi yule samaki wa meno marefu yanayoonekana hata akifumba kinywa, ambaye aina yake mojawapo wataalamu waliitenga mwaka 1986 na kuipa jina la Tanzania. Huko wepesi hauna kazi: nzi wake ni mrefu kuliko kidole, anaigiza samaki mdogo, huzama, na hufungwa kwa waya mbele, maana mshipi mtupu hukatwa papo hapo. Ni ufundi mwingine, na mwanagenzi wa nzi wa kuelea asiuchanganye na wake.

Nzi akishamvua samaki hulowa ute na haelei tena. Asuuzwe, apulizwe, abanwe katika kitambaa kikavu, kisha apakwe mafuta kidogo tu, kwa kuwa mafuta yakizidi nayo ni uzito. Na aliyetafunwa hata manyoya yakakatika asitupwe. Ndoana yake ivuliwe kwa wembe na kuvikwa upya, maana manyoya na sufi tunavyo, lakini ndoana za waya mwembamba huagizwa mbali.